Aliyejibu Kwenye Ukungu

Asubuhi ile mpishi alinifungia mkate na yai la kuchemsha kwenye kitambaa, akaniambia, "Haya, Bubu. Ukikutana na Mrefu huko juu, mwambie bado ana bakuli langu."

Wasichana wa jikoni wakacheka. Nami nikacheka, maana usipocheka ndipo wanapozidi.

Mrefu alikuwa mwongozaji wa wageni kwenye nyumba yetu. Msimu wa mvua uliopita alitangulia peke yake kwenda kutazama njia ya ziwani, hakurudi. Waliokwenda kumtafuta waliikuta fimbo yake imeegemezwa kwenye mwamba, vizuri kabisa, kama mtu aliyeiweka ili aje aichukue baadaye. Mwenyewe hajaonekana mpaka leo. Ziwa letu lina kina, na pale chini ya mwamba maji ni meusi hata jua likiwa utosini.

"Mwache mtoto wa watu," msichana mmoja alimwambia mpishi. "Utamfanya arudie mlangoni."

"Nani, Bubu? Bubu haogopi. Umewahi kumsikia akilia?"

"Atalia kwa mdomo upi?"

Jina la Bubu alinipa mpishi mwaka niliofika. Mimi si bubu. Maneno yangu huchelewa tu, na yakifika, watu wameshaondoka. Kwenye chumba cha kufulia halikuwa jambo baya. Shuka haziulizi kitu. Unaloweka, unafikicha, unakamua, unaanika, unapiga pasi, jioni inafika na hujaongea na mtu. Ningeweza kuishi hivyo hadi uzeeni, kama goti la mjomba lisingeharibika.

Mjomba, kaka yake marehemu mama, ndiye aliyenilea. Alikuwa mwongozaji tangu kabla sijazaliwa. Nyumba yetu ya wageni iko pale ziwa linapoanzia, na mlima uko nyuma yake. Wageni wanakuja kwa ajili ya mzunguko: unatokea mlango wa nyuma, unapanda mlima, unafuata mgongo wake ambao hauna mti hata mmoja, unashuka upande wa pili mpaka ziwani, halafu unarudi nyumbani kwa njia nyembamba inayofuata maji. Ni matembezi ya siku nzima kwa mwenye miguu mizima. Mjomba hakuwa nayo tena. Goti lake la kulia lilivimba, likashuka, likavimba tena, mwisho likakataa kabisa.

Na chumba tulichokaa kilikuwa cha mwongozaji. Kilitolewa pamoja na kazi. Msimamizi wa nyumba, mama mmoja mnene mwenye sauti ya pole, alikuja mwenyewe kumweleza mjomba. Hakuingia ndani. Alisimama akiwa ameshika kitasa, akawa anakizungusha-zungusha.

"Nikileta mwongozaji kutoka nje, mzee wangu, atalala wapi?"

"Nimekuelewa, mama."

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Usinione mbaya."

Mjomba akasema, "Huyu binti anaijua njia."

Msimamizi akanitazama. Nikatazama ndoo.

"Huyu?" alisema. "Huyu anayewaamkia wageni kwa kope?"

"Njia haitaki kelele. Nimemtembeza msimu mzima. Anaijua."

"Basi aipite peke yake kama walivyoipita wengine. Na peke yake maana yake peke yake. Nikisikia kuna aliyemsindikiza hata hatua moja, haikuhesabika."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hayo. Nikiupita mlima peke yangu, tunabaki chumbani. Nisipoupita, tunafungasha, na mimi sikujua tungefungasha kuelekea wapi.

Asubuhi hiyo nilimwacha mjomba kitandani, goti limezungushiwa bandeji, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Usiku nilikuwa nimemshika bega mpaka chooni na kumrudisha, kila hatua akisema "Ala!" kama mtu aliyekanyagwa.

"Fimbo?" aliniuliza.

"Ninayo."

"Koti la mvua?"

"Ninalo."

"Ukungu ukishuka?"

"Natoka rundo hadi rundo. Silioni la mbele, siondoki."

"Na ukisikia woga?"

Nikainama kufunga viatu.

"Gonga," alisema. "Ukigonga, mkono unapata kazi. Woga unapenda mkono usio na kazi."

Lazima nieleze habari ya kugonga, maana bila hiyo hamtanielewa. Juu ya mgongo wa mlima njia haionekani chini, ni mawe matupu, kwa hiyo waongozaji wa zamani walipanga marundo ya mawe, moja baada ya jingine, na mtu anayafuata. Siku ya ukungu, anayetangulia akifika kwenye rundo anagonga jiwe kwa ncha ya chuma ya fimbo yake, mara moja. Wa mwisho kwenye msafara anajibu mara mbili. Hapo mnajua hakuna aliyepotea katikati. Wageni huuliza kwa nini tusiite tu kwa midomo. Mjomba huwaambia wajaribu. Sauti ya mtu kwenye ukungu inagonga majabali na kuzunguka, unaweza kuifuata ukaishia ziwani. Mlio wa jiwe ni mfupi, unasikika pale ulipo. Simu nazo huko juu ni saa tu, hazishiki mtandao.

Mimi nilipenda sana kugonga. Ilikuwa namna ya kuongea isiyohitaji uso. Msimu mzima nilitangulia mimi, mjomba akawa nyuma yangu. Nikigonga, ananijibu. Mlio mmoja, halafu miwili. Nilizoea kama unavyozoea kupumua.

Nilipanda vizuri. Majani yalikuwa na umande, suruali ikaloa hadi magotini, lakini jua lilikuwepo na chini niliiona nyumba yetu inazidi kuwa ndogo, na kamba zangu za kuanikia, tupu siku hiyo. Niliona ni jambo zuri, kutazamwa na kamba tupu badala ya watu. Nilikula yai nikiwa nimesimama. Nikaingia kwenye mawe.

Ukungu haukushuka. Ulipanda. Ulitoka upande wa ziwa, kimya, kama maziwa yanayopanda kwenye sufuria wakati umegeuka, na nilipotazama tena nyumba haikuwepo, ziwa halikuwepo, na mikono yangu ilikuwa na rangi ya majivu. Nikasimama kwenye rundo lenye jiwe jeupe juu yake. Nililiona la mbele, lakini kwa shida. Nikakumbuka maneno ya mjomba, nikainua fimbo, nikagonga.

Mlio mmoja.

Na nyuma yangu, ndani ya ukungu, jiwe likalia mara mbili.

Kwanza nilitabasamu. Naapa, nilitabasamu, kwa sababu ya mazoea. Niligonga, nikajibiwa, nikachukua hatua mbili mbele. Ndipo nikakumbuka kwamba niko peke yangu.

Nywele zilinisimama, si shingoni tu, mpaka mikononi. Niligeuka polepole. Ukungu ulikuwa mweupe na mtupu. Nikajiambia ni mwangwi. Lakini mwangwi hauongezi. Ukigonga mara moja, mwangwi unakurudishia mara moja.

Aliyejibu alikuwa anajua kazi yetu. Na waliokuwa wanajua kazi yetu walikuwa watatu: mimi, mjomba aliyeko kitandani, na Mrefu.

Nikaenda rundo lililofuata bila kugonga. Nilikuwa nimeikumbatia fimbo kifuani ili chuma kisiguse jiwe. Nikasimama, nikafumba mdomo ili pumzi isitoke kwa sauti. Nikasikia hatua. Jiwe linasogea, halafu kitu kinaburutwa. Jiwe linasogea, kinaburutwa. Kama mtu aliyebeba nguo zilizoloa, au mtu ambaye yeye mwenyewe ameloa.

Nilikuwa nimesikia hadithi za jikoni kama kila mtu. Kwamba aliyekufa majini hapati pa kukaa mpaka apate mwenzake. Kwamba huita kwa sauti ya mtu unayempenda. Nikizifua taulo zao nilikuwa nasikia na kujifanya sisikii. Sasa zilinirudia zote kwa pamoja. Tena nikawaza kitu kingine, nacho hakikunituliza: labda ni mtu mzima, mwenye damu, mwanaume fulani aliyeniona natoka peke yangu. Sikujua nimwombe Mungu awe yupi kati ya hao wawili.

Nikaongeza mwendo. Hatua nazo zikaongeza. Nikasimama, zikasimama.

Pale juu kabisa kuna mlingoti wa chuma. Kila anayejaribiwa anapewa kitambaa chekundu, akifunge pale kama alama kwamba amefika, na msimamizi hukitazama kwa darubini siku ukungu ukiondoka. Usipokifunga, hukufika. Kwa hiyo ilinibidi nisimame, niweke fimbo chini, niupe ukungu mgongo, na nifunge fundo. Mimi nimefunga mafundo ya kamba za nguo maisha yangu yote. Siku ile vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Kitambaa kilipeperuka, kikanipiga usoni, nikakaribia kupiga kelele. Nyuma yangu kitu kiliburutwa, kikatulia. Kilikuwa kinanisubiri nimalize. Hilo ndilo lililonitisha kupita yote, kwamba kilikuwa na subira.

Nikafunga. Nikaokota fimbo. Na badala ya kufuata marundo ya kushukia nikaingia pembeni, nyuma ya jabali, nikachuchumaa na kuziba mdomo kwa kiganja.

Kikapita.

Kilipita karibu kiasi kwamba ningeweza kutupa kijiwe kikifikie. Kilikuwa umbo jeusi ndani ya weupe, refu, refu kupita mtu, na kilichovaliwa kichwani kilikuwa kama gunia. Kiliinama, kikainuka, kikainama, kikainuka. Sikuona uso. Nilifumba macho, na nilipoyafumbua palikuwa pameshakuwa patupu.

Kikaenda mbele kidogo, kuelekea mteremko. Kisha nikasikia kinagonga. Mara mbili.

Kimya.

Tena mara mbili. Kama anayeuliza.

Nilijua kinataka nini. Kilitaka mlio wangu mmoja. Fimbo ilikuwa mapajani pangu na jiwe lilikuwa mbele yangu. Sikugonga. Nilikuwa nimekiuma kiganja.

Kikagonga mara ya tatu, haraka haraka, bila mpango, mara nyingi, namna ambayo sikuwahi kumsikia mwongozaji yeyote akigonga. Halafu hatua zikashuka, kwa pupa, zikienda kushoto, na kushoto pale hakuna njia. Ni kokoto tupu zinazoteleza mpaka ziwani. Nikasikia kokoto zikianza kumiminika, kidogo, kisha nyingi, kama mtu anayemwaga gunia la mahindi. Na katikati ya mmiminiko ule sauti ya mtu ikasema,

"Ala!"

Halafu hapakuwa na kitu.

Nilibaki nimechuchumaa. Ile "Ala!" nilikuwa nimeisikia usiku wa kuamkia siku ile, njia nzima ya kwenda chooni. Niliijua kama ninavyojua harufu ya sabuni. Lakini hadithi za jikoni nazo zilikuwa bado zinanong'ona: huita kwa sauti ya unayempenda. Ningekuwa mjanja, wangesema hao wasichana, ningekaa pale pale.

"Mjomba!" niliita.

Sijawahi kuita kwa nguvu vile. Sauti ikaenda ikapiga jabali, ikarudi, ikapita juu yangu, ikaniita mjomba kutoka kulia na kutoka nyuma. Kama kulikuwa na jibu lilimezwa humo. Sikujua wapi ni wapi.

Basi nikainua fimbo na kugonga. Mara moja.

Nikangoja. Nilitamani ajibu, na nilitamani asijibu.

Chini, kushoto, mlio hafifu. Mara mbili.

Kuyaacha marundo kwenye ukungu ni kitu ambacho mjomba alinikataza tangu siku ya kwanza, kwa kidole mbele ya pua yangu. Niliyaacha. Nilikaa chini, nikashuka kwa makalio, kisigino kimoja kikitafuta jiwe linaloshika kabla ya cha pili kusogea. Kila nikipata jiwe gumu nagonga. Kila nikigonga najibiwa. Kila jibu lilikuwa hafifu zaidi, na kila mara nilijiuliza ni nani huyu ninayemfuata, na mikono yake ikoje, na ikiwa ni ya baridi nitafanyaje. Chini yangu sasa nilisikia maji. Hayakuwa mbali.

Kisha mguu wangu ukagusa kitu laini, kikasema, "Polepole, unanikanyaga."

Alikuwa amelala chali, kichwa chini, gunia la viazi bado liko kichwani kama kofia ya mvua, na mguu mbovu umenasa kati ya mawe mawili. Mguu ule ndio uliomzuia asiende majini. Goti lililotuharibia kila kitu.

Nilimshika uso. Ulikuwa wa moto, wa mtu hai. Nikaanza kulia.

"Unalia nini? Mimi ndiye niliyeanguka."

"Mjomba umefuata nini huku?"

"Nilikuwa natembea."

"Kwa goti hilo?"

"Kwa goti hili na fimbo. Nilitaka nikuone ukifika juu tu. Halafu ningerudi. Usingejua."

"Ulinijibu!"

Maji yalipiga mawe chini yetu.

"Nilikujibu," alisema. "Ala! Umegonga, mkono ukajibu wenyewe. Nilijilaani papo hapo. Miaka yote hii mkono unajibu, ningeuambiaje leo usijibu?"

"Mbona hukusema ni wewe?"

"Ningesema, ingekuwa umesindikizwa. Nikanyamaza, nikasema atadhani ni mwangwi."

"Nilidhani ni Mrefu."

Akanitazama. Nafikiri mpaka wakati ule haikuwa imemwingia akilini. Akalivua gunia kichwani, polepole, akalikumbatia kifuani.

Kumtoa pale sikutumia akili, nilitumia mikono. Mtu aliyekamua shuka za vitanda vyote vile kila siku ana mikono. Nililisokota koti la mvua kama ninavyosokota shuka, nikalipitisha chini ya makwapa yake, nikaikita miguu yangu kwenye jabali na kuvuta. Mawe yakamwachia mguu. Alipiga kelele moja, kisha akauma gunia. Tukashuka tukiwa tumekaa, yeye nyuma, mimi mbele, mpaka tukafika kwenye njia ya ziwani.

Niliposimama juu ya njia ile nilidhani balaa limekwisha. Lakini ziwa lilikuwa limejaa kwa mvua za huko milimani. Mbele yetu, pale njia inapopita chini ya mwamba, pale ilipokutwa fimbo ya Mrefu, njia haikuonekana. Maji yalikuwa yameipanda. Upande mmoja mwamba umesimama wima, upande wa pili weusi, na kati yake, mahali fulani chini ya maji, upana wa mlango mmoja wa kukanyaga. Mwanga nao ulikuwa umeanza kupungua.

Mjomba alikaa kwenye jiwe.

"Sikiliza," alisema. "Nenda wewe."

"Twende."

"Sikiliza kwanza. Ukifika peke yako, imehesabika. Kitambaa kipo juu, wewe upo mlangoni, wamekuona. Halafu umnong'oneze mpishi aje anichukue na mashua. Nitasema nilikuja kuvua."

"Huna ndoana."

"Nitasema imezama."

"Maji yanapanda, mjomba."

"Nitapanda nayo. Chumba ni chako, mwanangu, si changu. Mimi nimeshalala kwenye vyumba vya kutosha."

Nilitazama maji. Yalikuwa yanalamba jiwe alilokalia, yanarudi, yanalamba juu kidogo. Nilikiona chumba chetu, dirisha lake lisilofungika, msumari ninapoweka koti. Nilikitaka. Sitasema uongo, nilikitaka sana, na nilijua njia ya kukipata ni kutembea tu, mimi na miguu yangu, bila hata kusema neno. Kazi ya kunyamaza naiweza kuliko mtu yeyote.

"Shika bega langu," nilisema.

"Binti—"

"Shika."

Tukaingia majini. Baridi ilinishika vifundo, kisha vigimbi vya miguu, kisha magoti. Nilitanguliza fimbo, nikatafuta chini kwa chuma, nikipata jiwe nagonga, nahamisha mguu. Chini ya maji mlio haupo. Ni mtetemo tu mkononi. Mara ya kwanza nilipogonga hivyo, nikahisi kidole cha mjomba kwenye bega langu. Mara mbili. Hakusema kitu. Niligonga, akanijibu begani, tukasogea.

Katikati, fimbo haikupata chini. Niliisukuma na mkono ukaingia hadi kiwiko. Njia ilikuwa imemeguka. Nilisimama, maji yakinisukuma kwenye mwamba na kunivuta kutoka kwenye mwamba, na kwenye mguu kitu kilinigusa, laini, kirefu, kikajizungusha. Majani ya majini, labda. Sikutazama. Nilijua nikitazama nitaona uso. Nikasema kwa sauti, "Si sisi. Tupishe," na wala sikuona haya kwamba mjomba amesikia. Nikatafuta tena kwa fimbo, mbele zaidi, karibu na mwamba, mbele zaidi, mpaka chuma kikagonga.

"Hatua ndefu," nilimwambia. "Kwa mguu mzima."

"Na mbovu?"

"Nitauvuta mimi."

Tulipanda ng'ambo kwa magoti. Sikumbuki vizuri njia iliyobaki, ila kwamba nyuma yetu maji yalikuwa yanaendelea kupiga mwamba, na kila yalipopiga nilisikia kama mara mbili.

Mlango wa upande wa ziwa ulikuwa wazi, na taa imewashwa. Msimamizi alikuwa amesimama pale amejifunga khanga mabegani, na mpishi nyuma yake ameshika taulo. Mpishi alitaka kusema kitu cha kuchekesha, nikaona mdomo wake ukifunguka na kufungwa.

Msimamizi alinitazama mimi, akamtazama mjomba, akaitazama damu kwenye bandeji.

"Nimekikuta chumba chenu kitupu," alisema. "Mzee, ulikuwa wapi?"

"Kuvua," mjomba alisema.

"Kuvua nini, na goti hilo?"

"Samaki."

Mpishi alikohoa. Msimamizi akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya pole kama siku zote. "Ulikwenda peke yako?"

Mjomba aliniminya bega. Nilikuwa na jibu la ndiyo, fupi, la kutikisa kichwa tu, na watu wote pale wangelipokea kutoka kwangu kwa sababu hawajawahi kutegemea zaidi. Lakini nikawaza kwamba nikitikisa kichwa, wiki ijayo nitakuwa kule juu na wageni nyuma yangu, na wao watadhani nimewahi kuwa peke yangu mlimani, na mimi nitajua sijawahi.

"Hapana," nilisema. "Alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia kwenye rundo lenye jiwe jeupe. Sikujua ni yeye. Nilijificha, akanitafuta, akaanguka."

Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia tangu nimjue. Mpishi aliacha taulo lining'inie.

Msimamizi aliikaza khanga yake mabegani. Kisha akasema, "Basi haikuhesabika."

"Ndiyo, mama."

"Mwisho wa mwezi bado haujafika. Mguu wake ukishafungwa, utarudia." Akamtazama mjomba. "Na wewe mvuvi, siku hiyo nakufungia mlango kwa nje."

"Mimi nikae na ufunguo," mpishi alisema. "Namjua huyu. Atapitia dirishani."

"Dirisha lile halifungiki," mjomba alisema, kwa upole, kama mtu anayetoa taarifa tu.

"Basi nitakalia dirisha."

Nilirudia. Mpishi alinifungia tena mkate na yai, na safari hiyo hakumtaja Mrefu. Alisema tu, "Haya, dada, uende urudi," na wasichana hawakucheka. Nilipofika kwenye majani nikageuka, nikamwona amekaa kweli kwenye dirisha letu, na aproni yake nyeupe.

Ukungu ulinikuta pale pale, kwenye rundo lenye jiwe jeupe. Ulipanda kutoka ziwani kama mara ya kwanza, ukaifuta nyumba, ukamfuta mpishi na dirisha. Nilisimama. Nikainua fimbo, nikagonga mara moja.

Nikasikiliza.

Maji yalidondoka kutoka kwenye ukingo wa koti langu. Basi. Nyuma yangu hapakuwa na hatua, hapakuwa na kitu kinachoburutwa, hapakuwa na jiwe linalolia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi usiku uliotangulia, kitandani, lakini si kwa hilo, jinsi ambavyo mlio wangu ulitoka, ukaenda, na haukurudi na mtu. Niliogopa kuliko siku ile nilipojibiwa. Siku ile woga ulikuwa na umbo, ulikuwa na gunia kichwani. Huu haukuwa na pa kuutazama.

Nilitamani kugonga tena, nimpe nafasi, labda hakusikia.

Sikugonga tena. Nilitazama mbele mpaka rundo lililofuata likajitokeza, likapotea, likajitokeza. Nikalishika kwa macho na kulifuata polepole, jiwe kwa jiwe. Nilipolifikia niliweka kiganja juu yake, lilikuwa baridi na limeloa, nikainua fimbo, nikagonga.